Kidole Changu Kwenye Mashine ya Mama Mkwe

Nimekosa, ndugu zangu. Nimekosa kwa kidole kimoja na maneno mawili, na nusura nimzike mama mkwe wangu huku akiniangalia.

Jina langu msiniulize. Kasongo kwetu ni mji ambao ukipiga chafya sokoni, kesho yake mtu wa Nyangwe anakuambia pole. Majina ya wengine nimeyabadilisha. Langu nimelificha kabisa, ingawa wanaonijua wataanza kucheka kabla hawajafika katikati.

Mimi ni mtu wa kalamu. Nimesoma chuo kikuu, mvi ninazo za kutosha, na nina ugonjwa wa kuwa na maoni juu ya kila kitu. Niliwahi kualikwa redioni kuzungumzia mila zetu, na siku hiyo niliishambulia desturi ya ukwe bila huruma. Eti mwanaume asimguse mama mkwe wake! Asimtazame usoni! Asiseme naye ila kwa kupitia mwingine! "Hii ni hofu tu iliyovaa nguo za heshima," nilisema, nikajipenda sana kwa sentensi hiyo.

Mke wangu Zawadi alikuwa akisikiliza jikoni. Niliporudi nyumbani aliniambia neno moja tu: "Sawa. Mama akikuja, utamupa mukono."

Mama alikuja. Sikumpa mkono.

Watu wa mke wangu ni wa Kabambare, na kwao ukwe hauchezewi. Mama mkwe akiwa upande huu wa nyumba, mimi nazunguka upande ule. Akitaka kuniambia jambo na hakuna mtu karibu, anamwambia mbuzi wetu. "We mbuzi, mwambie mwenye nyumba paa inavuja." Na mimi namjibu mbuzi: "Mbuzi, mwambie mama nimesikia." Tuliishi hivyo miaka mingi kwa amani, na mbuzi hakuwahi kupotosha neno hata moja.

Kisha mama akaugua mapafu.

Walimleta kutoka Kabambare kwa pikipiki, amefungwa kwa kitenge katikati ya dereva na mwanawe Ramazani, shemeji yangu, ili asianguke kwenye mashimo. Alipofika hapa alikuwa anapumua kama mtu aliyekimbia njia yote hiyo kwa miguu. Hospitalini wakampeleka moja kwa moja chumba cha wagonjwa mahututi.

Chumba chenyewe si kikubwa. Mashine nzuri ya oksijeni ilikuwa moja. Inavuta hewa ya chumba, inaichuja, inampelekea mgonjwa oksijeni kwa mpira mpaka kwenye maski yake ya usoni. Kando ya kitanda kuna kioo kidogo chenye namba mbili. Ya juu ni mapigo ya moyo, ya chini ni oksijeni iliyomo katika damu. Kioo hicho kinapata habari zake zote kwa kibanio kidogo, kama kile cha kuanikia nguo, kinachobana ncha ya kidole cha mgonjwa na kuvuta waya nyuma yake.

Muuguzi wa chumba, tumwite Sifa, alinionyesha. "Papa, angalia hii ya chini. Ikikaa juu ya makumi kenda, hakuna neno. Ikishuka, mashini italia, na weye utaniita."

Jamani, mnajua nini kinatokea ukimpa msomi namba ya kusimamia? Nilivimba! Kutwa nzima nilikaa kwenye kigoda nikiitazama tisini na mbili kama ni mwanangu anayefanya mtihani. Nje ya dirisha, uani, ndipo jamaa wa wagonjwa wanapopikia, na jamaa zetu wa Kabambare walikuwa wamejaa huko. Nikajipa kazi ya utangazaji.

"Makumi kenda na mbili!" nilipaza sauti dirishani.

"Alhamdulillah!" walijibu wa msikitini.

"Bwana asifiwe!" walijibu wa kanisani, maana ukoo wetu uko pande zote mbili.

"Makumi kenda na tatu!"

Vigelegele.

Ndipo mama mkwe akafungua macho. Hakunitazama, hasha. Aliitazama mashine ya oksijeni iliyokuwa ikinguruma katikati yetu, akasema ndani ya maski yake: "Ee mashini, mwambie yule mwenye kukaa pale apunguze kelele. Mimi si mechi."

"Mashini," nilisema, "mwambie mama nimesikia."

Basi tulikuwa tumepata mbuzi wa hospitali. Alipotaka maji, alimwambia mashini. Kigoda changu kilipolia, mashini aliambiwa. Nilianza kuamini kwamba mila na maendeleo vinaweza kukaa chumba kimoja.

Alasiri ya siku iliyofuata, Zawadi alimwosha mama yake mikono, akaipaka mafuta ya kokwa za chikichi mpaka ikang'aa, kisha akatoka uani kugeuza ugali. Ramazani alikuwa amekwenda kutafuta makaa. Ikaja pikipiki kutoka Salamabila na mchimbaji wa dhahabu ambaye moshi ulimjaa kifuani huko chini ya ardhi, na Sifa akakimbia kumpokea. Nikabaki mimi, mama, na mashini.

Mafuta yakafanya kazi yake. Kibanio kikateleza kwenye kidole cha mama, kikaanguka juu ya shuka.

Namba zikapotea. Kioo kikaanza kulia! Si kulia, kupiga yowe! Na huko nje shangazi Mwajuma, shangazi wa mke wangu, akalisikia. Huyu shangazi ana kipaji cha msiba. Wiki ile alikuwa ameshaanza kuomboleza mara mbili, mara moja kwa sababu mtu aliangusha mfuniko wa sufuria.

"Yooo!" alilia. "Mama yetu ameenda! Yooo!"

Nikakiokota kibanio. Mkono wa mama mkwe ulikuwa umelala pale mbele yangu, kiganja juu, kidole kimenyooshwa kidogo kinangoja. Kazi ya kitoto! Shika kidole, bana, kaa.

Sikuweza.

Mimi niliyeiua desturi ile redioni! Mkono wangu ulikwenda nusu njia ukarudi. Ukaenda tena, ukarudi tena. Nikajaribu kumbana kidole bila kumgusa, kama mtu anayeokota kaa la moto kwa koleo. Nikabana kitenge. Nikajaribu tena, nikabana shuka. Mashini inalia, shangazi analia, watu uani wanaanza kusimama, nami nimeinama pale jasho linanitoka, nawinda kidole cha mgonjwa kama panzi.

Nikakibana kwenye kidole changu mwenyewe.

Kimyaaa.

Kisha zikatokea namba. Ya chini: tisini na nane.

Nawaambieni, ndugu, namba nzuri ni kama pombe. Nilijua ni yangu. Nilijua vizuri sana! Lakini kilio kilikuwa kimenyamaza, shangazi alikuwa anavuta kamasi dirishani akingoja habari, na mdomo wangu ukasema wenyewe: "Makumi kenda na nane!"

Uani kukalipuka. Walipiga sufuria. Nikasema moyoni: Sifa akirudi, atakirudisha mahali pake, hakuna atakayejua. Nikavuta kitenge kikaufunika mkono wa mama, wangu nikauingiza chini ya upindo, waya ukafuata, nikakaa kwenye kigoda changu kwa adabu kama mvulana aliyevunja mtungi.

Aliyeingia si Sifa. Aliingia daktari, munganga kijana, ametoka kusoma si zamani, mwenye haraka ya watu wawili. Huyo mchimbaji alikuwa anazidiwa chumba cha pili. Munganga alisimama mlangoni, akakitazama kioo.

"Makumi kenda na nane? Mama amepanda namna hii?" Akanigeukia. "Papa, anapumua muzuri?"

Hapa ndipo dhambi ilipo. Ya kidole ilikuwa ujinga tu. Hii nilikuwa na nafasi ya kuikataa. Ningesema tu, munganga, hiyo ni yangu. Angecheka, ningeaibika, kila kitu kingekwisha hapo. Lakini je, niseme kwamba mtu mzima, mwenye shahada, ameshindwa kushika kidole?

"Iko muzuri," nilisema.

Akaichomoa mashine ya oksijeni, akamvua mama maski, akaikokota mashine kwenda kwa mchimbaji.

Chumba kikawa kimya sana. Mama mkwe alianza kuhema. Mabega yakapanda, yakashuka, mianzi ya pua ikafunguka. Na mimi, badala ya kumtazama, nilitazama kioo, maana usoni mwake hairuhusiwi. Kioo kikaniambia tisini na nane. Jamani! Mtu anazama mbele yako, nawe unasoma habari zako mwenyewe na kujifariji nazo!

Ila namba ya juu haikukubali uongo. Kwa vile nilikuwa naogopa, moyo ulianza kwenda mbio, na moyo huo ulikuwa wangu. Mia na kumi. Mia na ishirini na tano. Kadiri nilivyoiona inapanda, ndivyo nilivyozidi kuogopa, na kadiri nilivyozidi kuogopa, ndivyo ilivyopanda. Mia na arobaini! Kioo kikapiga yowe tena.

Sifa akaja mbio. "Moyo! Moyo ya mama inakimbia! Munganga, lete sindano!"

Nikauvuta mkono wangu, nikauficha katikati ya magoti.

Ndipo mama mkwe, bila pumzi ya kusema, akautoa mkono wake chini ya kitenge, akauinua juu. Vidole vitano, vinang'aa mafuta, havina kitu.

Sifa akautazama mkono. Akakitazama kioo. Akaushika waya pale unapotokea kwenye kioo, akaufuata polepole kwa vidole vyake. Ukaingia chini ya kitenge, ukavuka kitanda, ukatokea upande wa pili, ukapanda goti langu.

"Papa," alisema taratibu, "huu moyo ni wa nani?"

"Ni wangu."

"Na hii oksijeni?"

"Nayo."

Akakinyofoa kibanio, akakipangusa, akambana mama. Kioo kikafikiri kidogo. Kisha kikaandika sabini na tisa, na hakuna aliyecheka.

Mengine niliyaona nikiwa nimekaa sakafuni, mgongo ukutani. Munganga alikimbilia chumba cha wazazi, akarudi akisukuma mashine ya oksijeni ya zamani inayonguruma kama kinu cha kukobolea mpunga. Wakamrudishia mama maski. Themanini na moja. Themanini na tano. Sijawahi kuomba Mungu kwa hesabu, siku hiyo niliomba. Ilipofika tisini, Sifa akaketi kitandani, akashusha pumzi, akaniambia: "Sasa tangaza."

Sikutangaza.

Mama alipona. Na mji ukapata cha kusema! Watoto walinipa jina Makumi-Kenda-na-Nane, na mpaka leo ndilo ninaloitwa nyuma ya mgongo, na mara nyingine mbele ya tumbo. Ramazani kila akiniona hunyoosha mkono: "Shemeki, nikiugua uniazime kidole." Redioni hawajaniita tena. Wakwe zangu walikaa kikao, wakaamua nitoe mbuzi, kwa kosa langu na kwa kuondoa aibu kati yangu na mama, ili siku nyingine tusiuane kwa adabu. Nikamtoa mbuzi wetu yule yule. Mjumbe wetu akachinjwa, na wakwe wakamla.

Lakini ngojeni. Hayo ya kidole yanajulikana mji mzima, hayastahili kuitwa ungamo. Ninaloungama ni lile lingine. Yale maneno mawili hakuna aliyeyajua.

Kila mtu aliamini kwamba munganga aliona namba mlangoni, akaondoa mashine bila hata kuuliza. Ramazani alikwenda kwa daktari mkuu, akapiga meza. Daktari mkuu akamkaripia kijana mbele ya wauguzi wote, akamtoa kwenye chumba kile, akamweka kufunga vidonda. Wakaniuliza na mimi, shahidi. Nilikunja uso kama mzee wa baraza, nikasema: "Vijana wa siku hizi wana haraka."

Aibu! Kijana mwenyewe hakunitaja. Sijui kwa nini. Labda alidhani nani angemwamini, dhidi ya mtu wa kalamu.

Hata yule mchimbaji aliniongezea mzigo. Alipopona alikuja nyumbani na samaki wa kukaushwa, amefunga vizuri kwa majani, kumshukuru "papa aliyeniachia mashini." Nilijaribu kueleza, nikaanza vibaya, akalia machozi kwa unyenyekevu wangu. Samaki nilimla. Alikuwa mtamu, na kila mwiba ulinikwama.

Mama alikuwa anapumzika kwetu kabla ya kurudi Kabambare. Asubuhi moja nilikuwa nje nanoa panga. Nikasikia nyuma yangu:

"Mukwe."

Nikageuka kumtafuta mbuzi. Mbuzi hayupo, ameshaliwa.

"Mukwe, ni weye ninaita."

Alikuwa amesimama mlangoni, ameshika mhimili. Katika miaka yote ya ndoa yangu, ilikuwa mara ya kwanza neno lake kunifikia bila kupita kwa mnyama wala chombo. Nikatazama miguu yake.

"Siku ile," alisema, "yule mutoto munganga alikuuliza kitu. Mimi nilikuwa nasikia."

Panga likaniponyoka.

"Ulimujibu nini?"

"Nilimjibu... iko muzuri."

"Na mimi nilikuwa muzuri?"

"Hapana, mama."

"Aa."

Nikaliokota panga. Kisha nikathubutu kuuliza lililokuwa linanila. "Mama, ulikuwa unaona kila kitu. Kwa nini hukusema?"

Akashangaa kweli. "Ningesema na nani? Mashini walikuwa wameibeba."

Sikujua nicheke au nilie. Ndugu zangu, mfikirie! Mmoja hawezi kushika, mwingine hawezi kusema, na katikati yetu kifo kimekaa kwenye kigoda kinangoja tumalize heshima.

"Nisamehe, mama."

"Kwangu ilikwisha. Mimi tayari nimekula mbuzi." Akaukaza mtandio wake. "Yule mutoto ndiye hajakula kitu. Anafunga vidonda kwa sababu ya kinywa yako. Enda umwambie mukubwa wake, na wauguzi wote wasikie, kama vile walisikia akitukanwa."

"Mama, mji mzima utanicheka."

"Si wameshaanza?"

Nikaenda. Niliwakuta kwenye mkutano wao wa asubuhi, wote, pamoja na daktari mkuu. Kijana alikuwa amesimama nyuma karibu na mlango. Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye utangulizi. Utangulizi ulinitoroka. Nikasema tu: "Huyu aliniuliza kama mama anapumua muzuri. Nilimjibu iko muzuri. Nilidanganya, kwa sababu kibanio kilikuwa kwenye kidole changu na niliona haya. Kisha nikawaacha mumkaripie."

Mtu mmoja nyuma akacheka puani, akajizuia. Sifa alinitazama bila kupepesa. Daktari mkuu alivua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, kisha akamwambia kijana: "Kesho rudi kwenye chumba chako."

Nilipotoka, kijana akanifuata barazani. Nilitegemea tusi. Ningelipokea kwa mikono miwili.

"Papa," alisema, "weye ulidanganya. Lakini na mimi nilisoma kioo, sikumusoma mama. Ningemugusa tu mukono, ningejua." Akatoa mfukoni kibanio kidogo cha kutembea nacho, kisicho na waya, chenye kioo chake juu. "Lete kidole."

Nikampa. Kile kile. Tukasimama tukingoja wote wawili.

Tisini na nane.

"Unaona?" alisema. "Hata siku ile, kwa mashini, weye ulikuwa muzuri tu."

Akakitia mfukoni, akarudi kazini.

Mama amesharudi Kabambare. Ananipigia simu yeye mwenyewe siku hizi, na ananisemesha sana, mpaka kuna wakati namkumbuka mbuzi. Salamu yake ni moja: "Mukwe, leo uko ngapi?"

Basi wewe unayesoma haya, unayeketi kando ya kitanda cha mtu wako hospitalini, nakuomba. Akiwa ni mama mkwe, mshike mkono, mila itatafutiwa mbuzi baadaye. Ukiulizwa, sema unachokiona kwake. Na siku namba itakapokuja nzuri mno, nzuri mpaka unataka kuitangaza dirishani, usipige kelele kwanza. Ushike waya, uufuate mpaka mwisho, uone umeishia kwa nani.